Goldwater: Uhuru wa Nani?

Tarehe 3 Novemba 1964 Barry Goldwater, Seneta wa Arizona na mgombea wa chama cha Republican, aliangushwa vibaya katika uchaguzi wa Rais wa Marekani. Lyndon Johnson alipata asilimia 61 ya kura. Goldwater hakufikisha hata 39, akashinda katika majimbo sita tu kati ya 50. Wachambuzi wengi wa magazeti ya kibepari waliona kwamba uhafidhina umekwisha kabisa, na kilichobaki ni kuuzika. Miaka 16 baadaye, Novemba 1980, Ronald Reagan alichaguliwa kuwa Rais kwa mawazo yale yale. Huyu Reagan alianza kujulikana katika siasa kwa hotuba ya televisheni aliyoitoa tarehe 27 Oktoba 1964 kumpigia debe Goldwater. Maiti ilikuwa imetoka kaburini ikaingia Ikulu.

Kwa kada na mwanafunzi wa itikadi, jambo hili linastahili kupembuliwa kwa makini, kwa sababu limekwisha kuelezwa vibaya mara mbili.

Mara ya kwanza ni mwaka ule ule wa 1964, ambapo wapinzani wake walimwita mwendawazimu. Jarida moja la New York liliwaandikia maelfu ya madaktari wa magonjwa ya akili likiwauliza kama Goldwater alikuwa na akili timamu ya kuwa Rais. Zaidi ya 1,100 walijibu kwamba hafai, ingawa hawakuwa wamempima. Goldwater alilishtaki jarida hilo akashinda, na mwaka 1973 chama cha madaktari hao kiliwakataza wanachama wake kutoa hukumu ya namna hiyo juu ya mtu ambaye hawajamchunguza. Sisi hatuna haja ya kumtetea Bwana Goldwater. Tunasema tu kwamba kumwita mtu mwendawazimu ni kukwepa kazi ya kumchambua. Wazimu hauna tabaka. Mawazo ya Goldwater yalikuwa nalo.

Mara ya pili ni ya siku hizi. Waandishi wale wale wa mrengo wa kiliberali, au watoto wao, sasa wanamlilia. Wanakumbusha kwamba tarehe 7 Agosti 1974 alikwenda na wenzake wawili kumweleza Nixon kwamba Bunge halitamwokoa, na kesho yake Nixon akatangaza kujiuzulu. Wanakumbusha kwamba katika uzee wake aliwashambulia wahubiri waliotaka kukiteka chama chake, na kwamba mwaka 1993 alitetea haki ya mashoga kutumikia jeshi. Wanasema: tazameni, huyu alikuwa mhafidhina mwungwana. Haya yote ni kweli, na hayatufikishi popote. Itikadi haipimwi kwa uungwana wa mwenye kuibeba. Hupimwa kwa kuuliza ni nani aliyefaidika nayo na ni nani aliyeumia.

Goldwater alizaliwa Januari 1909 mjini Phoenix, wakati Arizona ikiwa bado haijawa jimbo kamili. Babu yake, Myahudi aliyetoka Poland, alikuwa mchuuzi aliyepanda kuwa mfanyabiashara, na katika biashara zake mojawapo ilikuwa kulipelekea jeshi la Marekani mahitaji katika ngome zake. Jeshi lile ndilo lililokuwa likiwanyang'anya Waapache ardhi yao. Baba yake alifungua duka kubwa mjini Phoenix mwaka 1896, na Barry akalirithi. Mwaka 1949 aliingia katika baraza la mji, na mwaka 1952 akachaguliwa Seneta.

Goldwater alipenda kuieleza Arizona kama nchi iliyojengwa na watu hodari waliopambana na jangwa bila kumtegemea mtu. Picha hiyo inapendeza lakini haina ukweli. Bonde la Phoenix lisingeweza kulisha mji mkubwa bila bwawa la Roosevelt, lililokamilika mwaka 1911 kwa fedha za serikali ya Washington chini ya sheria ya umwagiliaji ya mwaka 1902. Vita vya Pili vya Dunia vilileta viwanja vya ndege za kijeshi na viwanda vya silaha, na mishahara ya watu hao ndiyo iliyonunua nguo katika duka la Goldwater. Yeye mwenyewe alipendekeza mradi wa umeme wa bonde la mto Tennessee, mali ya umma, uuzwe. Lakini ulipofika wakati wa kuchimba mfereji wa kuleta maji ya mto Colorado hadi Phoenix na Tucson, zaidi ya kilometa 500, hakuona ubaya wowote wa fedha za umma. Aliupigania mradi huo mpaka Bunge likaupitisha mwaka 1968, na uligharimu zaidi ya dola bilioni nne. Serikali kubwa ilikuwa dhambi ilipowafikia watu wa Tennessee. Ilipofika Arizona ilikuwa maendeleo.

Kitabu kilichomfanya kuwa kiongozi wa kundi zima kilitoka mwaka 1960: The Conscience of a Conservative, yaani Dhamiri ya Mhafidhina. Kiliandikwa kwa jina lake na Brent Bozell, shemeji yake mwandishi William Buckley. Ni kitabu chembamba, na katika miaka minne kiliuzwa nakala zaidi ya milioni tatu. Tukikipima kama kazi ya propaganda, hatuna budi kukiri kwamba kimeandikwa vizuri. Hakina maneno ya kubabaisha. Kila sura inashika jambo moja (kodi, mashamba, vyama vya wafanyakazi, shule, Urusi) na kila jambo linarudishwa kwenye swali moja: je, dola inampunguzia mtu uhuru wake? Makada wengi wanaoandika vijitabu vizito visivyosomwa na mtu wangeweza kujifunza kitu hapa.

Udhaifu wa kitabu umo katika neno lenyewe la uhuru. Ndani yake dola ndiyo peke yake yenye uwezo wa kumwonea mtu. Mwenye kiwanda hawezi kuonea, wala mwenye nyumba, wala benki. Mfanyakazi na tajiri wake wanaonekana kama majirani wawili wanaopatana kwa hiari, na anayevuruga mapatano yao ni chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo kitabu kinazitetea sheria zilizoitwa za "haki ya kufanya kazi", kama ile ya Arizona ya mwaka 1946 ambayo Goldwater aliiunga mkono. Jina la sheria hizo ni hila. Hazimpi mtu yeyote kazi. Zinachofanya ni kupiga marufuku mkataba unaomtaka kila mfanyakazi ajiunge na chama, hivyo kuuvunja umoja ambao ndio silaha pekee ya asiye na mali. Katika kamati ya Seneti iliyochunguza vyama vya wafanyakazi kuanzia mwaka 1957, adui mkubwa wa Goldwater alikuwa Walter Reuther, kiongozi wa wafanyakazi wa viwanda vya magari, aliyekuwa na sifa ya usafi. Kiongozi mla rushwa hutetemesha fedha za chama chake tu. Kiongozi safi hutetemesha faida, na hilo ndilo lililomkera Goldwater.

Lakini ni katika suala la watu weusi ndipo nadharia ilipoonyesha sura yake kamili, na hapo inatupasa kukaa kidogo.

Goldwater hakuwa mbaguzi wa kawaida. Alipata kuwa mwanachama wa tawi la Phoenix la NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za watu weusi. Alisaidia kuanzisha kikosi cha akiba cha ndege cha Arizona, na kikosi hicho hakikutenga weusi na weupe. Katika kitabu anasema anakubaliana na lengo la watoto kusoma pamoja, lakini hakubali kwamba Katiba inaipa serikali ya Washington au Mahakama yake madaraka ya kuyalazimisha majimbo. Yaani moyo uko upande wa mtoto mweusi, na sheria iko upande wa gavana anayemfungia mlango wa shule.

Tarehe 19 Juni 1964 Seneti ilipigia kura sheria ya haki za raia. Ilipita kwa kura 73 dhidi ya 27. Goldwater alikuwa miongoni mwa hao 27, akieleza kwamba serikali haina haki ya kumwamuru mwenye hoteli ampokee nani, au mwenye kiwanda amwajiri nani. Siku mbili baadaye, katika wilaya ya Neshoba, jimbo la Mississippi, vijana watatu waliokuwa wakitetea haki ya weusi kupiga kura waliuawa na kundi la Ku Klux Klan, naibu wa mkuu wa polisi wa wilaya akishiriki. Majina yao ni James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner. Hatusemi kwamba Goldwater aliwaua. Tunasema kwamba serikali ya jimbo, ambayo nadharia yake iliikabidhi maisha ya watu hawa, haikumshtaki mtu hata mmoja kwa mauaji hayo kwa miaka 40. Waliotiwa hatiani katika miaka ya sitini walishtakiwa na serikali ya Washington.

Novemba ile, Mississippi ilimpa Goldwater asilimia 87 ya kura. Alabama, Georgia, Louisiana na South Carolina zilifuata. Ukiacha Arizona kwao, hayo ndiyo majimbo pekee aliyoshinda, majimbo ambako weusi walizuiwa kwa vitisho na hila wasijiandikishe kupiga kura. Wabaguzi wa huko walikielewa kitabu vizuri kuliko mwenyewe. Na tarehe 3 Agosti 1980, Reagan alipokwenda kusema juu ya haki za majimbo mbele ya maelfu ya watu, alisimama katika maonyesho ya wilaya ile ile ya Neshoba.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba aliyemshinda alikuwa rafiki wa wanyonge wa dunia. Johnson aliwatisha wapiga kura kwa tangazo la mtoto anayehesabu majani ya ua mpaka bomu la nyuklia linapolipuka, na hofu hiyo haikuzuka hivi hivi: Goldwater aliwahi kutaja katika televisheni uwezekano wa kutumia silaha ndogo za nyuklia kupukutisha misitu ya Vietnam. Watu wakachagua amani. Wiki tatu baada ya uchaguzi, tarehe 24 Novemba 1964, ndege za kijeshi za Marekani ziliwashusha askari wa miamvuli wa Kibelgiji Stanleyville, leo Kisangani, kwa jina la kuokoa mateka. Mji ukatoka mikononi mwa wapiganaji wa Simba, ukarudi kwa serikali ya Tshombe na mamluki wake. Machi 1965 wanamaji wa Marekani walitua Da Nang, na mwaka ulipokwisha walikuwako Vietnam askari wa Marekani zaidi ya 180,000. Vita ambayo wapiga kura waliiogopa kwa Goldwater waliletewa na Johnson. Tofauti ya wawili hao ndani ya nchi yao ilikuwa kubwa, na mtu mweusi wa Mississippi aliijua. Mkongo na Mvietnam hawakuwa na sababu ya kuiona.

Inabaki swali la jinsi mshinde alivyogeuka mshindi. Jibu ni la kikada kabisa. Goldwater hakupewa chama cha Republican na matajiri wakubwa wa New York. Hao walimtaka Nelson Rockefeller. Nyuma yake lilikuwako tabaka jipya la mali ya Kusini na Magharibi: mafuta, viwanja, silaha, mashamba ya maji ya serikali. Lakini mali peke yake haipigi kura. Kuanzia mwaka 1961 kikundi kidogo kilichoongozwa na Clifton White kiliingia katika mikutano ya chini kabisa ya chama, ile ambayo wakubwa waliiona haina maana, kikachagua wajumbe mmoja mmoja. Wakubwa walipozinduka mwaka 1964, wajumbe walikuwa wamekwisha kupatikana. Wanafunzi walikuwa na umoja wao tangu mwaka 1960. Na baada ya kushindwa, kijana mmoja, Richard Viguerie, aliketi akanakili kwa mkono majina ya maelfu ya watu waliochangia kampeni. Orodha ile ikawa mwanzo wa mtandao wa barua na michango ulioilisha harakati hiyo mpaka mwaka 1980.

Pamoja na majina, yalihifadhiwa mawazo. Mshauri wa uchumi wa Goldwater mwaka 1964 alikuwa Milton Friedman; Reagan naye alimweka katika bodi yake ya washauri wa uchumi. Katika enzi ya Reagan maneno yale ya kupunguza dola, kuondoa ruzuku na kuliachia soko yalivuka bahari yakawa masharti ya mikopo ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Tanzania ilitia saini makubaliano na Shirika hilo mwaka 1986. Kile ambacho mpiga kura wa Ohio alikuwa na nafasi ya kukikataa mwaka 1964, na akakikataa, mkulima wa Iringa hakuulizwa.

Goldwater alistaafu Seneti mwaka 1987 akafa Mei 1998. Alikuwa mpiga picha hodari, na mwaka 1940 alisafiri kwa mashua katika mto Colorado akipiga picha za mabonde yake. Katika uzee wake alisema kwamba angepewa nafasi tena angelikataa bwawa la Glen Canyon, alilokuwa ameliunga mkono, kwa sababu lilizamisha bonde zuri kupita kiasi.