Mstari Unaokataa

Mkaguzi mzoefu akipewa mkataba mahiri hausomi kuanzia juu kushuka chini kama hadithi. Anazisaka kwanza amri nzito: ile inayohamisha fedha, ile inayochapa sarafu mpya, ile inayobadilisha mmiliki. Kwa kila moja ana swali moja tu, nani anaruhusiwa? Jibu likiwapo, aghalabu ni neno moja lililobandikwa ubavuni mwa amri, sharti linalosema kwamba asiye mwenyewe arudi alikotoka. Kazi ya kuliandika neno hilo naipenda kuliko maajabu mengine yote ya blokucheni. Haina mbwembwe. Hakuna anayeipigia makofi, kwa sababu ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea.

Mkataba mahiri ni programu inayoshika mali na kuitoa kwa masharti yaliyoandikwa ndani yake, na tangu mtandao wa Ethereum ulipowashwa Julai 2015, programu za aina hiyo huishi hadharani. Hazina mlango wa ofisi wala askari wa usiku. Mtu yeyote, awe Busia au Busan, anaweza kuita amri iliyoachwa wazi, na mtandao utaitii bila kumuuliza ametumwa na nani. Fedha zikishatoka, hakuna meneja wa tawi wa kumlilia.

Hapa Sio Port, nchini Kenya, Mto Sio unapomwaga maji yake katika Ziwa Victoria, sanaa hii ina umbo la chuma. Akina mama wauza omena huweka akiba ya chama katika sanduku lenye kufuli tatu. Utaratibu huo shirika la CARE liliuanzisha Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, ukasambaa hadi kwetu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu, sanduku hulala kwa wa nne, na hufunguliwa mbele ya kikao tu. Mweka hazina hapewi ufunguo. Mgeni anaweza kudhani huko ni kumvunjia heshima mama wa watu. Kumbe ndiko kumsitiri: siku hesabu ikipungua, hakuna atakayemnyooshea kidole, maana asingeweza kulifungua hata angetaka.

Pochi za kidijitali za kampuni ya Parity zilijengwa kwa wazo hilohilo, saini kadhaa kabla ya fedha kutoka. Julai 2017 mwizi hakuhangaika na saini hata moja. Aligundua kwamba amri ya kuandikisha wamiliki, ambayo ilipaswa kutumika mara moja tu pochi inapozaliwa, bado ilikuwa inaitika. Akaiita, akajiandikisha, akaondoka na zaidi ya 150,000 za etha, sarafu ya Ethereum, thamani ya dola zipatazo milioni 30. Mafundi wakaziba tundu. Lakini maktaba ya msimbo waliyoiweka badala ya ile ya kwanza, ambayo pochi nyingi ziliitegemea, nayo wakaiacha bila kuiandikishia mwenyewe. Novemba mwaka huohuo mtumiaji mmoja akajifanya mmiliki wake, kisha akaiamuru ijiangamize. Etha zaidi ya 513,000 katika pochi 587 zikakwama. Hakuna aliyeziiba. Zinaonekana, hazigusiki. Kufuli zenyewe zilikuwa imara. Lililosahauliwa ni nani ana ruhusa ya kubadilisha kufuli.

Kisa cha Ronin, daraja la kuhamishia fedha kati ya blokucheni, kinaniuma zaidi, kwa kuwa pale hakukukosekana neno katika msimbo. Daraja hilo, lililobeba fedha za mchezo wa Axie Infinity, lilitaka saini tano kati ya tisa. Kampuni yenye mchezo huo, Sky Mavis, ilishika nne. Novemba 2021, kazi ilipoielemea, ikaomba ruhusa ya kusaini pia kwa niaba ya chombo cha wachezaji, Axie DAO. Desemba haja ikaisha, ruhusa ikabaki. Machi 2022 wadukuzi, ambao FBI iliwataja kuwa wa Korea Kaskazini, wakavunja nyumba moja wakakuta saini tano. Zikaenda etha 173,600 pamoja na sarafu za dola milioni 25.5, na siku sita zikapita kabla mtu hajashtuka. Wauza omena wangelitambua kosa lile bila kufundishwa: mshika ufunguo amesafiri kwenda Kampala, amemwachia mwenzake ufunguo, amerudi na hakuudai.

Basi fundi ninayemsifu ni yule anayekumbuka kunyang'anya alichokitoa. Zana anazo. Maktaba ya OpenZeppelin humwezesha kugawa vyeo, anayechapa sarafu asiweze kubadilisha msimbo, na anayebadilisha msimbo asiweze kuchapa. Umiliki huweza kuhamishwa kwa hatua mbili, mrithi ateuliwe kisha akubali kwa saini yake, mali isije ikakabidhiwa anwani iliyokosewa tarakimu moja. Amri nzito hucheleweshwa ili watu waione kabla haijatekelezwa. Na kitufe cha dharura napenda kikipangwa kwa upogo: mmoja aweze kusimamisha, ila kuendelea kuhitaji wengi.

Wahubiri wa blokucheni husema humo hakuna haja ya kumwamini mtu. Sikubaliani nao, nyuma ya kila cheo kuna mtu. Bangla-Pesa, sarafu ya kijamii iliyoanza Mombasa mwaka 2013 ikiwa karatasi, ilikuwa na swali la nani achape na nani amtazame mchapaji. Sarafu zilizoifuata zilipohamia blokucheni, swali likahama nazo, likatoka kwenye karatasi likaingia kwenye ufunguo wa siri. Sheria ya Kenya ya watoa huduma za mali za kidijitali, iliyotiwa saini Oktoba 2025, inaweza kudai leseni. Haiwezi kumwandikia fundi sharti alilolisahau.

Kwa hiyo mimi fundi humpima siku ya kukabidhi kazi. Mara nyingi, anwani iliyoupeleka mkataba mtandaoni ndiyo inayokuwa mmiliki wa kwanza, nayo ni ya fundi mwenyewe. Hodari huhamishia mamlaka kwenye pochi ya saini nyingi, kisha hujivua cheo alichobaki nacho, na tendo hilo la kujivua huandikwa kwenye mnyororo, mahali ambapo mwenye fedha zake anaweza kulikagua kabla hajaweka hata shilingi moja.