Kidaka, Kaure na Utendi: Namna Tasnifu za Akiolojia Zinavyoisoma Nyumba ya Mswahili

Utangulizi

Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana leo kuhusu miji ya kale ya mwambao wa Afrika Mashariki imetokana na kazi za wanafunzi. Mwaka 1979 Henry Mutoro aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi tasnifu ya uzamili iliyohusu magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Mwaka 1987 akawasilisha nyingine, ya uzamifu, kuhusu kaya za Wamijikenda, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mark Horton na Linda Donley-Reid walikamilisha tasnifu zao Cambridge mwaka 1984. Chapurukha Kusimba alichunguza ufuaji wa chuma katika pwani ya Kenya kwa tasnifu ya mwaka 1993 katika chuo cha Bryn Mawr, na Felix Chami akaandika juu ya pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza, Uppsala, mwaka 1994.

Kazi hizi zimeigeuza historia ya pwani. James Kirkman, aliyefukua Gedi kuanzia mwaka 1948 hadi 1958, aliuita mji huo mji wa Kiarabu katika anwani ya kitabu chake cha mwaka 1954. Baada ya tasnifu zilizotajwa, ni vigumu kwa mtafiti makini kutumia anwani kama hiyo. Chini ya msikiti wa mawe wa Shanga, kisiwani Pate, Horton alikuta mfululizo wa misikiti midogo ya miti, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Mji haukuletwa kwa jahazi ukiwa umekamilika. Ulikua mahali pake, kutoka mti na udongo hadi matumbawe na chokaa.

Makala haya yanazitazama kazi za aina hii kwa jicho la uhakiki wa fasihi. Kitu kilichofukuliwa hakisemi chenyewe. Husomwa, na usomaji una kanuni zake. Aidha, watafiti wa nyumba ya Mswahili wamezoea kuutumia utendi wa Al-Inkishafi kama shahidi wa mambo wanayoyachimbua. Inadaiwa hapa kwamba shahidi huyo hajahojiwa ipasavyo, na kwamba wahakiki wa fasihi nao wana sehemu yao katika kosa hilo. Kitu kimoja tu kimeteuliwa kuwa kipimo cha hoja hii, nacho ni kidaka: lile shimo la pembe nne lililochongwa ukutani, ambalo katika nyumba za Lamu na Pate za karne ya 18 hupangwa kwa safu juu ya safu na kupambwa kwa nakshi za chokaa.

Nyumba Zilizopewa Majina ya Vitu

Usomaji wa kwanza ni ule wa Kirkman. Alipofukua nyumba za Gedi alizipa majina kutokana na vitu vilivyopatikana ndani yake: Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Makasi, na kadhalika. Msomaji anaweza kudhani kwamba hizi ni alama tu za kumsaidia mchimbaji asipotee katika daftari lake. Kwa hakika ni tamathali ya usemi. Mhakiki ataitambua kuwa sinekdoki, yaani kutaja sehemu kwa niaba ya kitu kizima. Tamathali hii ina nguvu kwa sababu huchagua: bakuli moja lililotoka Uchina linapewa haki ya kuisemea nyumba nzima, pamoja na wote walioishi humo.

Vyungu na mitungi ya udongo iliyofinyangwa pwani yenyewe haikupata heshima hiyo, ilhali katika magofu ya mwambao vigae vya vyombo hivyo ni vingi mno kuliko vya kaure. Chami na wenzake wa kizazi hicho walijenga hoja zao kuu juu ya vigae hivyo vilivyodharauliwa, kwani nakshi zake ziliwawezesha kuuona uhusiano wa watu wa pwani na wale wa bara. Tofauti kati yao na Kirkman ni ya kiuhakiki kama ilivyo ya kisayansi: walikataa kwamba kitu adimu ndicho chenye haki ya kusema kwa niaba ya vingine vyote.

Kidaka kama Ishara

Usomaji wa pili, na wenye mvuto zaidi kwa mwanafasihi, ni wa Donley-Reid. Mtafiti huyu hakutosheka na kuchimba. Alikaa Lamu na kuwauliza watu walioishi katika nyumba za mawe za karne ya 18. Kwa maoni yake, nyumba hiyo ni chombo cha mamlaka. Mpangilio wake kutoka daka la nje, kiwanda, misana miwili, ndani, hadi nyumba ya kati humtenga muungwana na mtumwa, mwenyeji na mgeni, mwanamume na mwanamke. Katika nyumba ya kati ndimo watoto walimozaliwa na maiti kuoshwa. Kwa hiyo, anasema, zidaka zilizoko karibu na chumba hicho, pamoja na sahani zilizopangwa humo, hazikuwa pambo tu. Zilikuwa kinga dhidi ya jicho baya na unajisi ulioaminika kuambatana na matukio hayo.

Ubora wa kazi hii ni kwamba inakipa kitu maana ndani ya maisha ya watu. Sahani haibaki kuwa bidhaa ya Uchina iliyofika Lamu; inakuwa sahani ya Mswahili kwa sababu ya kazi anayoipa. Hata hivyo, kuna udhaifu mara mbili. Kwanza, maelezo mengi yanatoka kwa familia za waungwana, na ni kawaida ya tabaka lolote kuieleza nyumba yake kama nyumba ya watu wote. Pili, maana iliyokusanywa katika karne ya 20, kutoka katika nyumba za karne ya 18, imeelekea kuchukuliwa na wasomaji wa tasnifu hiyo kuwa maana ya nyumba ya Mswahili katika zama zote.

Watafiti waliofuata wameuona ufa huu. Jeffrey Fleisher, katika makala yake ya mwaka 2010, aliyahusisha mabakuli ya kigeni na karamu: mwenye uwezo wa kulisha watu hadharani alijipatia ukubwa. Stephanie Wynne-Jones, akitumia ushahidi wa Songo Mnara katika Tanzania ya kusini, alidai mwaka 2013 kwamba nyumba ya mawe ya karne ya 14 na ya 15 ilikuwa na maisha ya hadhara, ya biashara na mapokezi, kuliko ile faragha inayosimuliwa Lamu. Zaidi ya hayo, huko Mambrui mabakuli ya kaure yalipachikwa katika kaburi la mnara, nje kabisa ya nyumba.

Basi sahani moja ni kinga, ni chombo cha karamu, na ni taji la kaburi. Mwanafasihi hapaswi kushangazwa na jambo hili. Ishara haina maana moja iliyofungiwa ndani yake. Muktadha ndio huiamua. Swali linalofaa kuulizwa kuhusu kila tasnifu si kama imeipata maana ya kaure, bali ni maana hiyo ilikuwa ya nani, katika mji gani na katika karne ipi.

Utendi si Orodha ya Mali

Hapa ndipo Al-Inkishafi inapoingia. Utendi huu ulitungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anauonya moyo wake mwenyewe usidanganyike na dunia, na kama ushahidi anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate: yaliyong'aa kwa taa, sasa yamejaa wadudu na popo, na vidaka vilivyokuwa mahali pa sahani vimekuwa viota vya ndege. Mtafiti wa akiolojia akifika katika sehemu hii hufurahi, kwani anaona kana kwamba mtu aliyekuwapo amemwandikia orodha ya mali ya nyumba.

Furaha hiyo yafaa ipunguzwe. Al-Inkishafi ni mawaidha, na mawaidha yana kanuni zake za utunzi. Ili anguko lifunze, sharti utukufu uliotangulia uwe mkubwa; ili moyo uogope, sharti ukimya uliofuata uwe kamili. Wingi wa taa na sahani katika utendi hauwezi kuhesabiwa kama vigae vinavyohesabiwa katika handaki la mchimbaji, kwa kuwa wingi huo unatumikia hoja ya kidini. Kipimo kimoja kinatosha kulithibitisha hili. Mtu akiusoma utendi kama ripoti atadhani kwamba Pate ulikuwa umekufa. Ni kweli kwamba nguvu za mji huo zilififia, hasa baada ya Wapate na Wamazrui wa Mombasa kushindwa katika vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini Pate haukuhamwa. Watu wanaishi huko hadi leo, na wamekuwa wakilima tumbaku katikati ya kuta za kale. Mshairi hakusema uongo, alitunga. Aliyakusanya magofu na kuyaacha makazi, kwa sababu magofu ndiyo yaliyokuwa na funzo.

James de Vere Allen alikuwa na nafasi ya pekee ya kulifafanua suala hili. Yeye ndiye aliyeandika makala ya mwaka 1979 juu ya dhana za kimila na kiibada zilizo katika ramani ya nyumba ya Mswahili, na ndiye aliyeuhariri na kuutafsiri Al-Inkishafi katika toleo la mwaka 1977. Fasihi na akiolojia zilikutana katika meza moja. Masikitiko ni kwamba waliomfuata wamezigawa kazi hizo mbili: wanafunzi wa akiolojia huchukua ramani, wa fasihi huchukua utendi.

Kimya cha Utendi

Ikiwa utendi hauwezi kuwa shahidi wa akiolojia kwa urahisi huo, akiolojia inaweza kuusaidia uhakiki wa utendi kwa njia isiyotarajiwa: kwa kuonyesha yasiyosemwa. Watumishi wanapotokea katika Al-Inkishafi hutokea kama sehemu ya starehe ya bwana, wakimpapasa na kumtumbuiza. Wafinyanzi, wakata matumbawe, wachoma chokaa na wakata mikoko hawana nafasi. Lakini ukuta wenyewe unawakumbuka. Matumbawe yalitolewa baharini na mtu, na chokaa ya nakshi ilipatikana kwa kuyachoma. Upana wa chumba cha Lamu uliwekewa mpaka na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ndiyo maana hata tajiri mkubwa alikaa katika chumba kirefu na chembamba. Jasho la mkata boriti liliamua umbo la starehe ya muungwana.

Uhakiki wa fasihi umeijadili dhamira ya mauti katika utendi huu kwa miongo mingi. Umekuwa mzito kuuliza ni mauti ya nani. Majumba yaliyolala yalikuwa ya tabaka moja. Mhakiki akisoma tasnifu za wenzake wa akiolojia, zilizojaa vigae vya vyungu na mashimo ya nguzo za nyumba za udongo, atatambua kwamba mshairi anaposema dunia imeporomoka, iliyoporomoka ni dunia yake na ya wenzake. Utambuzi huo hauupunguzii utendi thamani. Unaupa mahali pa kusimama.

Suala la Msamiati

Tasnifu zote zilizotajwa hapa ziliandikwa kwa Kiingereza. Hilo linaeleweka kutokana na vyuo zilikowasilishwa, lakini lina gharama. Katika matumizi ya Lamu, daka ni ukumbi wa mlangoni ambapo mgeni hupokewa, na kidaka ni mahali padogo ukutani pa kuwekea chombo. Zikifasiriwa kwa Kiingereza, daka na kidaka hugeuka maneno mawili yasiyojuana. Mswahili huyasikia kama mkubwa na mdogo wa nasaba moja: mahali palipoingia ndani ya ukuta ili papokee kitu au mtu. Usikizi huo hautoshi kuwa ushahidi, lakini unatosha kuwa swali, na ni lilelile ambalo Donley-Reid na Wynne-Jones wanatofautiana juu yake: je, kidaka kilikuwa cha faragha au cha mapokezi?

Vivyo hivyo, chumba kiitwacho ndani kimewahi kupewa na waandishi wa Kiingereza jina la harimu, jina linalomjia msomaji na picha za majumba ya masultani wa mbali. Neno la wenyeji halina picha hizo. Linasema tu kwamba mtu amekwisha kuvuka misana.

Hitimisho

Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Gedi mwaka 2024. Vibao vinavyosomwa na wanafunzi wa shule wanaozuru magofu huandikwa kutokana na utafiti, na utafiti huo kwa sehemu kubwa ni tasnifu. Mwanafunzi wa Kilifi akifundishwa kuitambua nyumba ya Gedi kwa bakuli la Kichina tu, atatoka hapo akiamini kwamba wazee wa pwani walikuwa wapokeaji wa vitu vya watu. Akifundishwa pia kuutazama mtungi, boriti na chokaa, atawaona wakiunda.

Yafaa, kwa hiyo, idara za fasihi na za akiolojia katika vyuo vya Kenya zisimamie tasnifu kwa ushirikiano pale ambapo kitu na utungo vinakutana. Mwanafunzi wa akiolojia anayeutaja Al-Inkishafi atakiwe kueleza utanzu wake kabla ya kuufanya ushahidi. Mwanafunzi wa fasihi anayeuhakiki utendi huohuo atakiwe kwenda kukitazama kidaka mahali kilipo, aone kina chake, nakshi zake na chumba kinachokielekea, kabla ya kuandika kwamba ni taswira ya ubatili wa dunia.