Kupima Umahiri wa Fundi kwa Injini Isiyotulia

Mzunguko tulivu ni ule mwendo mdogo ambao injini hujiendesha yenyewe gari likiwa limesimama, gia ikiwa nyutro na mguu wa dereva ukiwa mbali na kikanyagio cha mafuta. Katika magari mengi ya zamani yanayovuta kwa magurudumu manne, mwendo huo huwa kati ya mizunguko 650 na 800 kwa dakika, na ukiwa sawa mshale wa kipimo hutulia mahali pamoja. Mshale unapopanda na kushuka bila kuguswa, au injini inapotetemeka na hatimaye kuzimika gari likifika kwenye makutano, kazi inayofuata ndiyo inayomtenganisha fundi mahiri na mbadilishaji wa vipuri kuliko kazi nyingine yoyote ya gereji. Sababu yake ni kwamba katika mwendo huo injini haina nguvu ya ziada ya kufunika udhaifu wake: ufa mdogo unaoingiza hewa, ambao dereva hangeuhisi akiwa katika kasi ya barabara kuu, huwa fungu kubwa la hewa yote ambayo injini inavuta inapokaribia kusimama.

Thika na Ruiru ni mahali panapofaa kuutazama ufundi huu kwa makini. Kiwanda cha kuunganisha magari cha Thika, kinachojulikana leo kama Kenya Vehicle Manufacturers, kilianza katika miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya, na Land Rover ni miongoni mwa magari yaliyounganishwa humo. Kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, magari makuukuu ya aina hii yanayoonekana mashambani ni yale yaliyounganishwa hapa au kuingizwa zamani, yakatunzwa kizazi baada ya kizazi: Land Rover za petroli, Land Cruiser zenye injini za 2F na 3F au ya dizeli ya 1HZ, pamoja na Suzuki na Pajero za miaka ya 1990. Yanatumika katika mashamba ya kahawa ya Ruiru na ya mananasi ya Thika, katika vumbi jekundu la barabara za murami, na mafundi wanaoyahudumia wengi wao wamejifunza katika gereji za jua kali kwa kumtazama mkubwa wao akifanya kazi.

Dalili ya kwanza ya umahiri huonekana kabla ya spana yoyote kushikwa. Fundi anayeijua kazi yake hutaka kuiona injini ikiwashwa ikiwa baridi kabisa, na kwa hiyo huomba gari lilale kwake mpaka alfajiri. Katika miezi ya Juni na Julai, ambapo asubuhi za Ruiru huwa na baridi kali, ombi hilo lina uzito zaidi. Halafu huuliza maswali ambayo kila moja linaondoa kundi zima la sababu. Je, hitilafu hutokea injini ikiwa baridi tu, au ikishapata moto? Je, hubadilika taa zinapowashwa? Je, mzunguko hubadilika dereva anapokanyaga breki gari likiwa limesimama? Swali hili la mwisho hudharauliwa na wengi, ilhali servo ya breki, yaani chombo kinachomsaidia dereva kukanyaga kwa wepesi, katika injini za petroli huendeshwa na mvuto wa injini yenyewe, na kiwambo chake kikitoboka kila mkanyago wa breki huingiza hewa isiyopimwa ndani ya injini.

Baada ya maswali hufuata kusikiliza, na hapa panafaa uangalifu, kwa maana si kila kutotulia ni kwa aina moja. Mzunguko unaopanda na kushuka kwa mapigo yanayolingana mara nyingi huashiria hitilafu katika udhibiti wa hewa au mafuta. Mzunguko unaojikwaa ovyo, kwa mpigo mmoja unaokosekana hapa na pale, huashiria kwamba silinda moja haichomi vizuri, iwe ni kwa sababu ya plagi, waya, valvu au mgandamizo. Fundi anayeshindwa kuzitofautisha hali hizi mbili kwa sikio na kwa kiganja kilichowekwa kwenye mdomo wa ekzosi atakuwa anabahatisha katika kila hatua inayofuata.

Chombo cha bei ndogo kinachofichua mengi kuliko vyote ni kipimo cha mvuto wa manifoldi. Manifoldi ni mfumo wa njia zinazogawa hewa kwa silinda. Pistoni zinaposhuka huku kipepeo cha hewa, yaani kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, kikiwa karibu kufungwa, shinikizo ndani ya njia hizo hupungua, na tofauti kati yake na hewa ya nje husomwa kwa inchi za zebaki. Vitabu vya ufundi, ambavyo hesabu zake hufanywa kwa usawa wa bahari, hueleza kwamba injini ya petroli yenye afya husoma kati ya 18 na 21. Thika na Ruiru, hata hivyo, ziko takriban mita 1,500 juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa limepungua kwa karibu sehemu moja ya sita, na kadirio linalotumika ni kuondoa inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Injini iliyosoma 19 Mombasa itasoma karibu 14 Thika bila kuwa na ugonjwa wowote. Ni injini ngapi zilizofunguliwa bure kwa sababu mtu alisoma 14, akafungua kitabu, akahukumu kwamba ringi za pistoni zimekwisha? Hali ni hiyo hiyo kwa kipimo cha mgandamizo: silinda ambayo ingetoa pauni 170 kwa inchi ya mraba pwani hutoa takriban 140 huku juu, na kinachostahili kutazamwa ni tofauti baina ya silinda na silinda kuliko ile namba yenyewe.

Aliye hodari husoma mwendo wa mshale zaidi ya namba unayoionyesha. Mshale uliotulia lakini uko chini kuliko unavyotarajiwa kwa mwinuko wa mahali huelekeza kwenye hewa inayovuja baada ya kipepeo au kwenye cheche inayochelewa. Ule unaodondoka kwa vipindi vinavyolingana huelekeza kwenye valvu isiyofunga vizuri. Unaoelea polepole huku na huku huelekeza kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa usio sawa.

Uvujaji unaposhukiwa, namna ya kuutafuta ni kipimo kingine cha ubora. Wapo wanaonyunyizia petroli kuzunguka gasketi za manifoldi na kusikiliza kama mzunguko utapanda, tendo ambalo juu ya injini ya moto na nyaya chakavu limekaribia sana ajali ya moto, na gereji inayolifanya haifai kuaminiwa hata kama jibu lake ni sahihi. Maji katika chupa ya kupulizia hutosha: yakipita juu ya ufa, sauti ya injini hubadilika kwa muda, na hakuna anayeungua. Mipira midogo ya vakyumu, yaani ya mvuto wa injini, nayo hukaguliwa kwa kuikunja, kwa kuwa nyufa zake hujificha mpaka ikunjwe.

Katika Land Rover kuukuu za petroli zenye kabureta ya Zenith 36 IV, kuna hitilafu moja inayostahili kujulikana na kila mwenye gari hilo. Kifuniko cha kabureta hiyo hupinda kwa miaka ya joto na kukazwa kupita kiasi, na ringi ndogo ya mpira iliyo ndani yake huchakaa, hivyo mafuta na hewa hupita mahali pasipostahili na injini hukataa kutulia hata skurubu zake zikizungushwa mchana kutwa. Fundi mzuri hukilaza kifuniko juu ya kipande cha kioo, hutazama mwanga unaopita chini yake, kisha hukisugua taratibu juu ya msasa laini uliotandazwa kwenye kioo hichohicho mpaka uso wote uguse sawasawa. Ni kazi ya subira isiyohitaji kipuri ghali, na uzuri wake humfurahisha yeyote anayependa ufundi. Baada ya hapo husafisha tundu la mafuta ya mzunguko tulivu, ambalo ni jembamba kiasi kwamba punje moja ya vumbi huliziba, na ndipo anapoishika skurubu ya mchanganyiko, akiizungusha mpaka kipimo cha mvuto kifikie kilele chake cha utulivu. Kwa kuwa hewa ya mwinuko huu ni nyepesi, mpangilio uliofaa pwani hulisha mafuta kupita kiasi hapa, na plagi zikifunguliwa huonekana na masizi meusi makavu.

Magari ya miaka ya 1990 yenye injini za petroli zinazodhibitiwa na kompyuta yana mtego wake. Katika Toyota nyingi za wakati huo, valvu inayoongeza hewa injini ikiwa baridi hufungwa na joto la maji ya redieta. Maji yakipungua au hewa ikikwama katika njia zake, valvu hubaki wazi, mzunguko hupanda, kompyuta huona kasi kubwa ilhali kikanyagio hakijaguswa na kukata mafuta, kasi huanguka, mafuta hurudishwa, na mchezo huanza upya. Mwenye gari huuziwa kompyuta au sensa, ilhali dawa ilikuwa kujaza maji na kutoa hewa. Kwa hiyo fundi anayefungua kifuniko cha redieta, injini ikiwa baridi, kabla ya kuchomeka mashine yoyote amejipatia alama nzuri. Magari hayo pia yana njia ya kusoma hitilafu bila mashine, kwa kuunganisha vituo vya TE1 na E1 katika kisanduku cha uchunguzi na kuhesabu mimweko ya taa ya injini kwenye dashibodi. Kiungo hichohicho, katika injini zenye distributa, huifanya kompyuta iache kurekebisha wakati wa cheche. Anayepima wakati huo bila kukiweka hupata jibu la uongo.

Dizeli huhitaji fikra nyingine, kwa sababu haina cheche wala, katika injini kama 1HZ, kipepeo cha kudhibiti hewa. Hapa mzunguko usiotulia hutoka zaidi kwenye mafuta: hewa inayoingia kwenye paipu, nozeli zisizopuliza sawa, au pampu iliyochakaa. Kipimo safi kuliko vyote ni kipande cha paipu inayoonyesha ndani, kikiwekwa kati ya chujio na pampu. Viputo vikionekana, hakuna haja ya kuigusa pampu kabla ya kutafuta vinakoingilia. Silinda dhaifu hutambuliwa kwa kulegeza nati ya paipu ya kila nozeli, moja baada ya nyingine, na ile isiyobadilisha sauti ya injini ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi. Mkono usikaribie mafuta yanayoruka, kwani dizeli yenye shinikizo la nozeli hupenya ngozi. Pampu za mtindo wa VE, uliobuniwa na Bosch, hulainishwa na dizeli yenyewe, na hivyo ziliumizwa na mafuta ya taa yaliyokuwa yakichanganywa humo kwa faida. Tozo ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa juu ya mafuta ya taa mwezi Septemba 2018 ilikusudiwa kuuondoa mvuto wa biashara hiyo, lakini gari lililokuwa barabarani kabla ya hapo huenda bado lina pampu iliyojeruhiwa.

Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kuongeza mzunguko kwa skurubu ya kipepeo mpaka mtetemo upotee. Injini huonekana imepona kwa kuwa sasa inazunguka mara 1,100 badala ya 700, mwenye gari huondoka ameridhika, na hitilafu ileile huendelea kula mafuta na breki. Skurubu hiyo ni ya kuguswa mwisho, baada ya kila chanzo kuondolewa, na gari lililotengenezwa vizuri hurudi kwenye namba iliyoandikwa na mtengenezaji wake.

Aidha, fundi wa daraja la juu huthibitisha jibu lake kwa kuirudisha hitilafu. Akiisha kubadilisha mpira wa vakyumu, huuchomoa kidogo au kuurudisha ule wa zamani, na kumwonyesha mwenye gari kwamba mshale unaanza tena kuyumba. Kisha huurudisha mpya na mshale ukatulia. Anayebadilisha plagi, waya na chujio kwa pamoja hawezi kutoa uthibitisho huo, hata kama gari limepona, kwa kuwa mwenyewe hajui ni kipi kilichoponya.

Wenye magari nao wana sehemu yao katika hali ya ufundi huu. Wengi wako tayari kulipia kipuri na kazi ya kukifunga, lakini hukataa kulipia saa mbili za kupima, na kwa kukataa huko humlazimisha fundi mwaminifu apate riziki yake kwa kuuza vipuri visivyohitajika. Anayelipeleka gari lake gereji, iwe Thika au Ruiru, na akubaliane kwanza na fundi juu ya malipo ya uchunguzi peke yake, aombe namba za mvuto na mgandamizo ziandikwe kwenye risiti, na achukue kila kipuri kilichotolewa.