Ilie Kwanza

Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, kompyuta ina ugonjwa mmoja tu: haiwaki. Ikikosa umeme, haiwaki. Feni ikizunguka na kioo kikabaki cheusi, haiwaki. Hata ikituandikia kwa herufi nyeupe kwamba haioni diski, bado tunasema haiwaki, ilhali imeshawaka na inazungumza nasi. Dada yangu alisema hivyohivyo Jumatatu ile aliponipigia simu kutoka kwenye duka lake la steshenari hapa Tanga, wateja wamejipanga nje na barua zao za kuomba kazi: "Njoo, CPU haiwaki." (Sanduku lote tumeliita CPU miaka nenda miaka rudi, na mafundi wamechoka kutusahihisha.)

Mahali pa kwanza tulipolipeleka pana kiyoyozi na vijana waliovaa fulana za rangi moja. Kijana alibonyeza kitufe mara mbili, akasubiri nusu dakika. Bisibisi hakuigusa. "Mazabodi imekufa. Nunueni nyingine tu." Dada akaanza kupiga hesabu. Mimi nikapanda bodaboda, sanduku mapajani, mpaka Ngamiani, kwa mzee mmoja ambaye meza yake iko barazani, kati ya mshona viatu na muuza kashata.

Nikamwamkia, nikamwambia haiwaki. Shikamoo yangu aliipokea, neno langu hakulipokea. Daktari gani anaridhika mgonjwa akisema "naumwa" kisha akanyamaza? Mara ya mwisho iliwaka lini? Ilizimwa, au umeme ulikatika? Ukibonyeza, feni inazunguka moja kwa moja, au inashtuka kidogo na kukata? Nani aliihamisha? Mengine niliyajibu, mengine nikampigia dada, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba Jumamosi msichana wa dukani alilisogeza sanduku ili afagie. Mzee akaitika "ehee," kama mtu aliyepata ncha ya uzi.

Skurubu alizipanga kwenye kifuniko cha ndoo kwa mfuatano wa matundu yake. Vumbi alilitoa kwa brashi ya rangi, taratibu, asije akang'oa kitu. Kisha akapitisha kidole juu ya kapasita, moja baada ya nyingine, akitafuta iliyovimba kichwa. Hiyo ni tabia ya mtu aliyezika wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mazabodi nyingi duniani zilitengenezwa kwa kapasita mbovu, zikavimba, zikavuja, na mtumba uliotufikia baadaye ulikuja na maradhi hayo. Za dada zilikuwa bapa. Akachomoa plagi kubwa ya pawa saplai, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni ikavuma, akapima kwa mita. "Chakula kipo," akasema, kama anaongea na mtu mwingine.

Halafu akafungua kopo la ugoro. Ndani yake hamkuwa na ugoro. Mlikuwa na spika ndogo, ukubwa wa kifungo cha koti, na nyaya zake mbili. Akaichomeka kwenye ukingo wa mazabodi. Kisha akazing'oa ramu zote mbili na kuzilaza juu ya gazeti.

"Sasa itawakaje, mzee, bila hizo?"

"Haitawaka. Nataka ilie."

Tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981, masanduku haya yamekuwa na desturi ya kujikagua kabla ya kufanya jambo lolote, na yakijikuta yana upungufu ambao hayawezi kuuonyesha kwenye kioo, yanapiga mlio. Kwa hiyo mazabodi iliyonyang'anywa ramu kisha ikalalamika ina uhai: umeme unafika, ubongo unafikiri, na yenyewe inajua ilichokosa. Iliyo kimya ndiyo ya kuhofia. Mkunga naye hana haja na jina la mtoto wala amefanana na nani. Anataka alie kwanza.

Akabonyeza. Mshona viatu akashikilia nyundo yake hewani. Kukawa kimya, kimya cha kumfanya mtu amkumbuke kijana wa kiyoyozi na kumwonea huruma, pengine alisema kweli. Ndipo ukatoka mlio mrefu wa puani, ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Mlio mbaya kabisa. Sijasikia muziki mzuri kama ule mwaka mzima.

"Na mlikwishamchimbia kaburi," mzee akasema.

Milio ile hutofautiana kwa mtengenezaji. Katika nyingi za zamani, mmoja mrefu na miwili mifupi ni kadi ya picha. Mrefu unaojirudia ni ramu. Mzee hakuwa na karatasi ya kuangalizia. Aliijua kama mke anavyojua kikohozi cha mumewe kabla mlango haujagongwa.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya raba ya shule. Meno ya ramu yalikuwa yamefifia, kwani upepo wa bahari unaokula bawaba za madirisha yetu hauchagui. Akayasugua, akayafuta kwa kitambaa, akarudisha moja, akabonyeza. Akarudisha ya pili, akaikandamiza mpaka ikatoa mlio wa kukaa. Kioo kikawaka na kudai kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2009. Betri ya saa nayo ilikuwa imechoka, akaweka nyingine. Alinitoza elfu saba.

Nilimuuliza alisomea wapi, akaniambia kwenye redio. Kompyuta ilipigwa marufuku kuingizwa nchini mwaka 1974, na kijana aliyekuwa anajifunza kuchomea risasi miaka hiyo hakuwa na cha kuchezea ila redio za watu, ambazo lazima zirudi kwa wenyewe zikiimba. Kumwambia mtu anunue nyingine lilikuwa tusi. Nyingine angeitoa wapi?

Njiani kurudi niliyakumbuka masanduku matatu yaliyokaa stoo kwa mama, yote yalisemekana mazabodi zimekufa. Tuliyauza kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hakuna aliyeyafungua, na sikumbuki kama kuna aliyeuliza lolote.

Mwezi uliopita nilimpelekea mzee kompyuta nyingine, mpya, nyembamba kama sahani, ya rafiki yangu. Nayo haiwaki. Sasa ana mwanafunzi mmoja tu; wa pili ameenda kuuza makava ya simu. Aliifungua kwa shida, maana ilikuwa imegandishwa kwa gundi, akaikuta ramu imechomewa humohumo. Akatafuta pa kuchomeka spika yake, akazungusha, akavua miwani, akatafuta tena. Kisha akairudisha kwenye kopo la ugoro, akanifungia mashine ya watu, na hakunitoza kitu.