Kaa Chonjo, Hata Angani

Bi harusi amesimama, bwana harusi yuko ubavuni pake, na nahodha ameshafungua kinywa kuwafungisha ndoa. King'ora kinalia. Kufumba na kufumbua chumba cha ibada ni kitupu: wageni, maharusi na nahodha mwenyewe wametoka mbio, kila mtu na njia yake, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake aelekee wapi. Ndivyo inavyoanza sehemu ya tamthilia ya Star Trek iitwayo "Balance of Terror", iliyorushwa Marekani Desemba 15, 1966. Wengi huikumbuka kwa pambano na chombo cha Waromula kisichoonekana. Mimi huikumbuka kwa zile mbio, kwa sababu hazina fujo. Robert Tomlinson, aliyekuwa bwana harusi muda mfupi tu uliopita, tunamkuta tena kwenye chumba cha silaha, na huko ndiko atakakofia, mvuke wa sumu ukiwa umevuja. Katika meli nzima ndiye pekee aliyekufa siku ile, na alikufa akiwa mahali alipopangiwa.

Ustadi huo wa kukaa chonjo haukuzaliwa studio. Gene Roddenberry, aliyeibuni Star Trek, alirusha ndege za mabomu za B-17 katika Bahari ya Pasifiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipokwisha akawa rubani wa shirika la Pan Am, na Juni 1947 ndege aliyokuwamo ilianguka katika jangwa la Siria baada ya injini kushika moto. Watu kadhaa walikufa; yeye alinusurika na akasaidia kuwatoa abiria. Matt Jefferies, aliyechora umbo la chombo cha Enterprise pamoja na chumba chake cha usukani, naye alihudumu kwenye ndege za kivita katika vita hivyohivyo. Watu wa namna hii walijua kwamba hatari ikishafika hakuna nafasi ya kufikiri upya. Kilichofikiriwa jana ndicho kinachotendeka leo. Ndiyo maana nahodha wa Enterprise ameketi katikati, na kila kituo cha kazi kinamzunguka: akigeuza kiti tu amemwona anayemhitaji.

Sehemu nyingine ya msamiati wa vyombo hivi vya kubuni imetoka moja kwa moja baharini. Kwenye manowari za Marekani kuna milango iliyochorwa herufi Z, na amri ya kila mtu kwenda kituo chake cha vita inapotolewa, milango hiyo hufungwa yote ili maji au moto usipite kutoka chumba kimoja hadi kingine. Waandishi wakachukua desturi ile, wakaitia taa nyekundu na king'ora, wakaipeleka kwenye nyota. Hali nyekundu kwenye televisheni ni kazi rahisi: taa inawaka na kuzima, kamera inatikiswa, waigizaji wanajirusha upande mmoja. (Mikanda ya viti tu ndiyo waliyoisahau. Chombo kinachosafiri kupita kasi ya mwanga, na kila kikipigwa maofisa wanaporomoka sakafuni kama maembe!)

Lakini nyekundu hainivutii sana. Nyekundu haihitaji busara, kwani adui ameshaonekana. Ustadi uko kwenye manjano, ile hali ya kati ambapo hujui kama kuna hatari na unatakiwa uamue kabla hujajua. Sijaona kazi iliyoeleza jambo hili vizuri kuliko filamu ya Star Trek II: The Wrath of Khan ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Nicholas Meyer. Enterprise, iliyojaa wanafunzi, inakutana na chombo cha Reliant. Reliant ni chombo cha jeshi lilelile, ila hakijibu salamu. Luteni Saavik, ofisa kijana, anaanza kumkumbusha Kirk, mkuu wa Enterprise, kanuni inayosema nini kifanywe chombo kinapokaribia bila mawasiliano. Anakatizwa: mkubwa anazijua kanuni. Kirk anaamuru hali ya manjano, lakini ngao haziinuliwi. Reliant wanatoa udhuru kuhusu hitilafu ya mitambo, Spock, ofisa mwenzake Kirk, anapima na kuona hitilafu hiyo haipo, na hata hapo zinapita sekunde nyingine. Kisha ngao za Reliant zinainuka na mashambulizi yanafuata. Waliokufa kwenye chumba cha injini ni vijana waliokuja kujifunza kazi. Baadaye Kirk anamwambia Saavik aendelee tu kumnukulia kanuni.

Filamu ileile inalipa deni lake kwa namna ninayoipenda zaidi. Enterprise haina tena nguvu ya kupigana, lakini Kirk anakumbuka kwamba kila chombo cha jeshi lao kina nambari ya siri, na ya Reliant ni 16309. Ukiijua unaweza kukiamuru chombo kile kutoka mbali kishushe ngao zake. Nambari hiyo iliandikwa miaka mingi kabla, ofisini, na mtu ambaye hatumwoni kamwe, aliyejiuliza ingekuwaje siku moja chombo chetu kikaangukia mikononi mwa mwingine. Khan, adui aliyeiteka Reliant, ana akili kuliko wote, lakini hajui kama nambari hiyo ipo.

Reliant ilipita kwa sababu ilikuwa na sura ya ndugu. Hila hiyo ilikuwamo tangu siku ya kwanza: katika "The Man Trap", sehemu iliyofungua tamthilia Septemba 8, 1966, kiumbe kinachobadili umbo kinamwendea Luteni Uhura kwa sura ya mwanamume Mweusi na kuzungumza naye Kiswahili. Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols, ndiye mwenye kazi ya kusikiliza kila sauti inayoingia chomboni. Hapo anaduwaa, na kidogo tu angeangamia. Hakuna taa wala king'ora cha kumzuia adui anayekuamkia kwa lugha ya kwenu.

Basi kwa nini tusikae kwenye hali nyekundu muda wote? Jibu alilitoa Ronald D. Moore, aliyewahi kuiandikia Star Trek kabla ya kuifufua Battlestar Galactica. Katika sehemu iitwayo "33", ya mwaka 2004, meli ya vita Galactica inalinda msafara wa meli za raia zinazowakimbia Wasailoni, na kila baada ya dakika 33 adui hutokea. Raia wanaruka kwanza kwenda mahali pengine angani, Galactica inabaki nyuma kuwakinga, nayo inaruka mwishoni. Saa inaanza upya. Tunapowakuta hawajalala kwa zaidi ya saa 130. Hakuna jipya wanaloamriwa. Kila mmoja anaijua kazi yake hata macho yakiwa yamefumba, na hilo ndilo linalotisha. Marubani wanapewa dawa za kuwazuia wasilale. Maofisa wanafokeana kwa mambo madogo. Halafu inafika meli ya abiria Olympic Carrier, iliyokuwa imepotea, na watu waliochoka namna ile ndio wanaopaswa kuamua kama imekuja na adui mgongoni. Wanailipua. Orodha yake ilikuwa na abiria 1,345, na tamthilia haituambii kwa yakini kama bado walikuwa ndani. Laiti wangelala usiku mmoja tu, ningependa kujua wangeamua nini.

Ndiyo sababu namtetea, kwa shingo upande, Kapteni Jellico. Katika "Chain of Command" ya mwaka 1992, sehemu ya tamthilia ya baadaye ya Star Trek, anakabidhiwa Enterprise wakati vita na Wakadasi vinanukia, na miongoni mwa amri zake za kwanza ni kugawa siku katika zamu nne badala ya tatu. Riker, msaidizi wake, anachelewesha kwa kuwa wakuu wa idara wanalalamika. Mashabiki wamebishana kuhusu wawili hao mpaka leo. Ikiwa siku ni ya saa 24, zamu ya saa 8 inakuwa ya saa 6, na mtu anakaa kwenye mitambo akiwa bado mzima wa akili. Hapo Jellico alijua kazi. Kosa lake ni kulifanya jambo hilo adui akiwa mlangoni, watu wakapoteza usingizi kwa kupanga upya usingizi.

Waingereza, kama kawaida yao, walilitazama suala zima kwa kicheko. Katika Red Dwarf, tamthilia ya vichekesho iliyoanza mwaka 1988, inatolewa amri ya kupandisha hali ya hatari hadi nyekundu, na roboti Kryten anauliza kwa adabu kama wana hakika, maana itabidi wabadilishe globu. Nimekicheka kichekesho hicho mara nyingi, kisha nikabaki najiuliza globu ya akiba inawekwa kabati gani, na ni zamu ya nani kuikagua kama bado inawaka.