Hatua 20 hazimtoshi mtengeneza slaidi

PowerPoint ambayo mipangilio yake haijaguswa hukubali kutendua hatua 20 tu. Ukifanya ya 21, ya kwanza inaondoka kwenye orodha, na Ctrl na Z haitairudisha hata ukiibonyeza mara mia. Lakini ukiingia File, Options, kisha Advanced, utakuta mahali pa kuweka idadi unayotaka, kuanzia 3 hadi 150. Excel huanza na 100, na Impress ya LibreOffice vivyo hivyo. Kwa hiyo 20 ni uamuzi tu wa watengenezaji, na kwa kazi ya slaidi ni uamuzi mbaya, kwa sababu kinachohesabiwa ni vitendo, si muda. Anayeandika barua hupiga maneno mengi yakahesabiwa hatua moja. Anayepanga slaidi husogeza kisanduku, akakipunguza, akakipaka rangi, akaibadilisha, akakipeleka nyuma ya picha. Mchoro wa visanduku vinne unamaliza hatua zote, na jedwali lililofutwa kwa bahati mbaya kabla ya hapo limekwenda.

Wapo watakaosema hatua nyingi hula kumbukumbu ya mashine. Ni kweli, na mwenye faili iliyojaa picha nzito kwenye kompyuta dhaifu aongeze kwa kiasi. Ila PowerPoint ilipotoka mwaka 1987, Macintosh Plus ilikuwa na MB 1. Leo kompyuta ya kawaida ina GB 8, na ubahili ule hauna sababu tena.

Hoja nzito zaidi ni kwamba matoleo ya zamani ya faili yanatunzwa mtandaoni. Lakini mwenye faili kwenye flashi, bila intaneti, hana matoleo hayo. Na je, kurudi hatua 60 si kupoteza kazi nzuri iliyofuata? Si lazima. Rudi hadi jedwali lionekane, linakili bila kubadilisha chochote, kisha bonyeza Ctrl na Y mpaka ufike ulipokuwa, ndipo ulibandike. Ukibandika kabla ya kusonga mbele, hatua zote za mbele zinafutika. Njia hii hufanya kazi faili ikiwa bado wazi, maana ukiifunga orodha yote hupotea, na inahitaji orodha iwe ndefu ya kutosha kulifikia jedwali. Kwa 20, hulifikii.