Majina ya Sayari katika Lugha Yetu

Mtu akitaka kujua kama lugha fulani inaifaa elimu, asihesabu wingi wa maneno yake tu. Na atazame kama kila neno laelekeza kitu kimoja kilicho wazi, hata watu wawili walisikiapo wafahamu jambo lile lile. Kwa kipimo hiki nataka kuyapima majina tunayoyatumia juu ya mbingu na vilivyomo, hasa majina ya sayari. Maana hapo lugha yetu imeonyesha uzuri mkubwa na upungufu mkubwa pamoja.

Tuanze na uzuri. Kiswahili hakikuingia mikono mitupu katika elimu ya nyota. Lile kundi dogo la nyota zilizosongamana liitwalo Kilimia lilipata jina lake kutokana na kulima, kwa kuwa wakulima walilitazama wapate kutambua majira. Wahenga walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wagikuyu hulijua kundi hilo kwa jina la Kĩrĩmĩra, na Waxhosa wa Afrika Kusini huliita isiLimela. Jina lililoenea hivyo, kutoka miteremko ya Mlima Kenya hata ncha ya kusini ya bara letu, si la kuazima jana; ni urithi wa watu waliolima na kutazama juu. Mabaharia nao walikuwa na yao. Upande wa kusini waliuita suheli, na hilo ni jina la nyota kubwa ing'aayo upande huo. Neno moja lilimpa nahodha nyota na njia kwa pamoja.

Neno sayari lenyewe lastahili sifa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kitu kiendacho. Nyota za kawaida hushika mahali pake zikilinganishwa na nyota nyingine, usiku baada ya usiku. Sayari huhama katikati yake kama mgeni apitaye kati ya nyumba za mji. Mwanafunzi ajuaye maana ya neno hili amekwisha kufundishwa nusu ya somo.

Watu wa kale, waliokuwa na macho tu wala hawana darubini, walizijua sayari tano za namna hiyo. Waarabu waliziita kwa majina ambayo Kiswahili kimeyapokea hivi: Utaridi, iliyo karibu kabisa na jua, Zuhura, ing'aayo alfajiri au jioni, Mirihi, yenye wekundu, Mshtarii, iliyo kubwa kuliko zote, na Zohali, yenye pete. Majina haya yana ukoo na historia. Kila moja lilikuwa na kitu chake angani kwa karne nyingi kabla ya shule zetu kujengwa.

Sasa tuje kwenye upungufu. Katika vitabu vya shule vya Afrika ya Mashariki imeenea orodha nyingine ya sayari, ambayo huanza kwa Zebaki, na mbele yake huwa na Sarateni, kisha Zohali, kisha Kausi, na mwisho Utaridi. Orodha hii ina mpangilio mzuri kwa sikio, lakini ikipimwa haisimami.

Zebaki ni madini yale mazito ya majimaji yaliyotumika katika vipimajoto. Lugha ya Kiingereza huyaita madini hayo na sayari ya kwanza kwa jina moja, Mercury. Ni dhahiri kwamba jina la madini ndilo lililotafsiriwa, nalo likabandikwa kwenye sayari. Sarateni yafanana kwa sauti na Saturn, lakini sauti si maana. Asili yake ni saratani, yaani kaa, na ndilo jina la mojawapo ya buruji kumi na mbili za wanajimu. Na sisi twalitumia pia kwa maradhi mabaya tunayoyaogopa. Kausi ni upinde, nayo ni buruji vilevile. Hivyo makundi ya nyota yaliyo mbali kupita kiasi yamefanywa kuwa sayari zilizo jirani na jua letu. Zohali, baada ya kunyang'anywa nyumba yake, imesogezwa mbele ikapewa nyumba ya Uranus.

Lakini kosa kubwa ni la Utaridi. Katika orodha ya kale, Utaridi yalizunguka jua kwa umbali wa kilometa milioni 58 hivi. Katika orodha ya pili, jina hilo limepewa Pluto, ambayo umbali wake wa wastani ni kilometa milioni 5,900 hivi. Jina moja limekuwa la sayari iliyo karibu kuliko zote na la gimba lililotupwa mwisho kabisa! Mwanafunzi aliyesoma kitabu kimoja akibishana na aliyesoma kingine, wote wawili watakuwa wamejifunza kwa bidii, wala hawatapatana. Tena Pluto yenyewe iliondolewa katika hesabu ya sayari kubwa mwaka 2006, ikawekwa miongoni mwa sayari kibete. Basi jina la kale limeporwa likapewa mtu ambaye naye ameuzuliwa.

Yamkini atatokea wa kupinga akisema: Neno ni mapatano tu, watu wakikubali kuiita Saturn Sarateni, kuna madhara gani? Hoja hii ina nguvu, nami siidharau. Lugha nyingi zina maneno yaliyozaliwa kwa makosa na sasa yafanya kazi njema. Lakini mapatano huhitaji watu kupatana, na hapa hawakupatana. Orodha zote mbili zingali zasomwa. Laiti Utaridi lingekuwa limehama moja kwa moja, tungelizoea. Lakini linakaa nyumba mbili kwa wakati mmoja.

Pengine chanzo cha yote ni aibu. Uranus ilitambuliwa kuwa sayari mwaka 1781, na Neptune ikaonekana mwaka 1846. Watu wa kale hawakuzijua kuwa sayari, kwa hiyo hapakuwa na jina lolote la kale la kuzipa. Waliotunga orodha ya pili hawakupenda kuona majina ya kigeni ndani yake, wakachukua majina ya vitu vingine ili kuziba pengo. Nia yao ilikuwa njema: walitaka Kiswahili kionekane kimetimia. Lakini lugha haitimii kwa kuficha ilichoazima. Sayari, dunia na falaki nayo ni maneno yaliyoazimwa, wala hakuna ayaoneaye haya.

Kuna mfano karibu nasi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, chombo cha kuchunguza mianzi ya eksirei itokayo angani kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kilikuwa cha kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, nacho kikaitwa Uhuru. Kiliwezesha kutungwa orodha ya vyanzo 339 vya mianzi hiyo. Hata leo wanasayansi wa mataifa mengine hulitamka neno hilo la Kiswahili kama lilivyo, wala hawaoni kwamba lugha zao zimepungukiwa. Ikiwa wao wamelipokea Uhuru, sisi twaweza kuzipokea Uranus na Neptune.

Kwa hiyo shauri langu ni fupi. Sayari tano za kale na zirudishiwe majina yake matano. Mbili zilizopatikana baadaye na zibaki na majina ambayo ulimwengu wote wazijua kwayo. Zebaki na irudi katika chupa yake, na kaa na upinde virudi miongoni mwa buruji. Nawe msomaji, ukikutana na jina la sayari kitabuni, usiliamini kwa kuwa limepigwa chapa. Uliza laelekeza kitu gani, kisha usiku toka nje ukakitafute.